Paleo, AIP au Sahani ya Pwani: Ule Vipi Kinga ya Mwili Ikikugeuka

Daktari ameshakutajia jina la ugonjwa: baridi yabisi, lupasi, soriasisi, Hashimoto ya tezi ya shingo, au maradhi ya utumbo kama Crohn. Umetoka na karatasi ya dawa, na hata matatu haijafika Mwembe Tayari hapa Mombasa, kikundi cha ukoo kwenye WhatsApp kimeshakupangia chakula. Binamu aliye Doha anasema uache nafaka zote, ule nyama na mboga. Shemeji ameona video inayodai adui ni nyanya. Shangazi wa Kuze anasema kula samaki na mboga za majani kama walivyokula wazee, achana na soda na vya kukaanga, basi. Na kila mmoja ana mtu wake anayemjua, aliyepona.

Bila kujua, wamekutajia njia tatu ambazo zina majina. Ya binamu ni Paleo. Ya shemeji ni kipande cha Paleo ya magonjwa ya kinga kujishambulia, inayofupishwa AIP kwa Kiingereza (Autoimmune Protocol). Ya shangazi iko karibu sana na mlo wa Mediterania, ambao hapa nitaupika kwa vyakula vya Pwani. Nitazilinganisha kwa vigezo vitano: utafiti unasema nini, nini kinaondoka mezani na nini kinabaki, soko na mfuko, nyumba inayokula sinia moja, na usalama wake ukiwa umo kwenye dawa. Kigezo kipi kizito zaidi inategemea ugonjwa wako na hali ya nyumbani kwako, kwa hiyo usingoje nikutajie mshindi.

Kabla ya yote, mwenye siliaki atoke kwenye foleni hii. Siliaki ni ugonjwa wa kinga kujishambulia unaochochewa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Hapo chakula ndicho tiba yenyewe, maisha yote, na hakuna cha kuchagua kati ya njia tatu. Mwenye tumbo linalojaa gesi na kuharisha kila mara, au upungufu wa damu usioisha hata kwa vidonge, apimwe siliaki kwanza, tena apimwe akiwa bado anakula chapati. Ukiacha ngano wiki kadhaa ndipo uende maabara, kingamwili zinazotafutwa kwenye damu huwa zimeshuka na jibu linaweza kutoka safi na ugonjwa upo.

Njia zenyewe

Paleo inasema: kula alichokula binadamu kabla ya kilimo. Nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi, korosho na mbegu. Acha nafaka, jamii ya kunde, maziwa, sukari na mafuta ya viwandani. Wazo hili lilipata nguvu mwaka 1985, S. Boyd Eaton na Melvin Konner walipoandika katika jarida la tiba la New England kwamba mwili wetu bado ni ule wa mwindaji na mwokotaji. Loren Cordain wa Marekani akaja kulieneza kwa umma kuanzia 2002.

Mie nikisikia habari za enzi za mawe hukumbuka kwamba enzi hizo tunazo hapa jirani. Katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, wanaakiolojia walifukua mtoto aliyezikwa miaka kama 78,000 iliyopita, kaburi kongwe la binadamu wa aina yetu kuliko yote yanayojulikana Afrika. Habari zake zilitangazwa 2021. Na katika pango la Ngalue, Msumbiji, zana za mawe za miaka kama 105,000 zilikutwa na chembe za wanga wa mtama mwitu. Kwa hiyo hoja kwamba mababu hawakugusa nafaka haina mizizi mirefu kama inavyotangazwa. Upande wa pili, muhogo tunaouita chakula cha asili ulivuka bahari kutoka Amerika, sawa na nyanya na pilipili. Paleo ni orodha ya sokoni ya watu wa leo. Ipimwe kwa matokeo yake, si kwa nasaba yake.

AIP imejengwa juu ya Paleo lakini kazi yake ni nyingine, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Ina hatua mbili. Ya kwanza unaondoa kila kinachoshukiwa kuchokoza kinga, kwa siku 30 hadi 90: juu ya vile vya Paleo, unaondoa mayai, njugu za kila aina, mbegu, kahawa, kakao, pombe, na ukoo mzima wa nyanya. Ya pili unarudisha kimoja kimoja, ukingoja siku kadhaa kati ya kimoja na kingine, ukiandika kwenye daftari mwili ulivyojibu. AIP ni jaribio lenye tarehe ya kumalizika. Mtu anayeila mwaka wa pili bila kurudisha chochote haifuati AIP. Amekwama katikati yake.

Mlo wa Mediterania hauna orodha ya haramu. Una mizani: mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni kwa wingi, nyama nyekundu, sukari na vya kiwandani kwa uchache.

Utafiti unasema nini

Paleo ya kawaida ndiyo iliyochunguzwa kidogo zaidi kwa magonjwa haya. Tafiti zake nyingi zilihusu uzito, sukari na shinikizo la damu. Iliyokaribia zaidi ni ya Terry Wahls, daktari wa Marekani anayeishi na skilerosisi ya neva (multiple sclerosis, kinga ikishambulia neva) na aliyetengeneza Paleo ya kwake. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio lililolinganisha mlo wake na mlo mwingine wenye mafuta machache ya wanyama, kwa wagonjwa wasiofika mia moja. Uchovu ulipungua kwa makundi yote mawili. Habari njema kwa wagonjwa, ila haimwambii mtu kwamba siri iko kwenye kuacha nafaka.

AIP ina tafiti ndogo zinazotajwa sana. Ya 2017 ilikuwa na watu 15 wenye Crohn au koliti ya vidonda, na 11 kati yao walifika wiki ya sita ugonjwa ukiwa umetulia. Matokeo ya kutia hamu. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganishia, na wengi walikuwa wakiendelea na dawa zao. Ya 2019 ilihusu wanawake 17 wenye Hashimoto kwa wiki kumi. Walijisikia vizuri zaidi na kipimo cha uvimbe kwenye damu kikashuka, ila vipimo vya tezi yenyewe na kingamwili zake havikubadilika kwa maana. Nafuu ya kweli ni nafuu, sitaki kuidharau. Ila mwenye Hashimoto asitarajie AIP imwachishe kidonge cha asubuhi.

Mediterania ina ushahidi imara zaidi, hasa kwa baridi yabisi. Utafiti wa Uswidi wa 2003 uliwagawa wagonjwa wapatao 50 makundi mawili, na baada ya wiki 12 waliokula kwa mtindo wa Krete, kisiwa cha Mediterania, ugonjwa ulikuwa umeshuka kuliko wenzao. Mwaka 2022 chuo cha madaktari wa viungo cha Marekani kilitoa mwongozo unaopendekeza mlo huu kwa wenye baridi yabisi, na kushauri dhidi ya milo mingine yenye majina, Paleo ikiwamo. Mapendekezo yote mawili yametolewa kwa masharti, maana hata huu ushahidi ulio bora si mwingi. Na mwongozo huo ni wa baridi yabisi tu. Usiubebe mzima mzima ukautua kwenye utumbo au tezi.

Mezani kunabaki nini

Tuanze na kifungua kinywa, kwa sababu ndicho kinachowashinda watu. Kwenye mahamri na mbaazi za nazi, Paleo inaondoa mahamri, inaondoa mbaazi, inakuachia tui. Chai ya maziwa imekwenda, chapati imekwenda. Lakini ukitulia utaona hujaachwa na njaa: kuna viazi vitamu, magimbi, ndizi mbichi za nazi, mihogo ya kuchemsha, mayai, samaki aliyebaki jana. Mchana kuna samaki wa kupaka, mchicha wa nazi, kachumbari. Jioni mishkaki. Paleo ya asili ilikuwa kali hata kwa mizizi yenye wanga, ila wengi siku hizi huiruhusu, na hilo ndilo linaloifanya iwezekane Mombasa. Angalia njugu: korosho inakubalika, njugu nyasa haikubaliki kwa kuwa ni jamii ya kunde.

Hoja yao kubwa dhidi ya kunde ni lektini, protini zinazosemwa kuchokoza utumbo. Maharagwe mekundu mabichi yana lektini kali kweli, na ukiyala hayajaiva utatapika. Lakini kuyaloweka na kuyachemsha mpaka yakaiva huivunja karibu yote. Nani hapa anakula maharagwe mabichi?

AIP ndiyo inayofika mpaka kwenye kijaluba cha viungo. Nyanya, biringani, pilipili hoho, pilipili kali na mbatata ni ukoo mmoja, zote zinatoka. Mnavu nao umo, jambo ambalo orodha nyingi za mtandaoni hazilitaji kwa kuwa waandishi wake hawaujui. Ni ukoo uleule, na anayefuata AIP kwa dhati auache mpaka hatua ya pili. Badala yake kuna mchicha, matembele, mronge na bamia. Kisha viungo vinavyotokana na mbegu: bizari nyembamba na giligilani ya punje vinaondoka, hiliki na pilipili manga husubiri mpaka mwanzo wa kurudisha. Tangawizi, kitunguu saumu, manjano, mdalasini, karafuu na majani ya dania vinabaki. Habasoda, ambayo shangazi atakuletea kwa mapenzi tele, ni mbegu. Na kahawa chungu ya kibarazani ndio basi, mpaka utakapoirudisha kwa zamu yake.

Bado mchuzi unapikika. Kaanga kitunguu kwa mafuta ya nazi, tia saumu, tangawizi na manjano, mimina tui la pili, weka changu, malizia na tui zito na ukwaju. Ukwaju, ndimu au embe bichi ndiyo inayoshika nafasi ya nyanya. Mishkaki nayo ilaze kwa papai bichi, saumu na ndimu, bila pilipili. Anayekula pembeni hatajua kilichokosekana, ila pilau hapo hakuna namna.

Mediterania inabakisha karibu kila kitu na kubadilisha vipimo. Mbaazi zinakaa, pojo na kunde zinakaa, nyanya na mnavu vinakaa. Mahamri yanakuwa ya siku moja moja badala ya kila asubuhi. Wali unapungua sahanini na mboga inapanda. Sima inasongwa kwa unga usiokobolewa, au mtama, au wimbi. Viazi karai na bajia za jioni zinakuwa adimu. Tatizo lake ni mafuta. Mafuta ya zeituni ndiyo nguzo ya mlo ule, na nazi si badala yake: sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni ya aina ile inayoganda, wakati zeituni ni laini. Sikwambii uache tui, ungekuwa unahama Pwani. Tia jepesi, na siku nyingine pika kwa mafuta ya simsim, ambayo wazee waliyajua vizuri kabla ya madumu ya manjano kujaa madukani.

Soko na mfuko

Paleo hula pesa. Nyumba nyingi hapa zinapata protini yake kwa maharagwe na pojo, ukiyaondoa hayo lazima ujaze pengo kwa nyama, mayai au samaki kila siku. Mayai husaidia. AIP inaondoa mpaka mayai, kwa hiyo kwa mwezi au miezi ile ndiyo ghali kuliko zote.

Ila kuna jambo ambalo mtu wa Ulaya angetuonea wivu. Kule, anayefuata AIP hutafuta unga wa muhogo, ndizi za kupika na tui kwenye maduka maalumu. Hapa vimemwagwa Kongowea na Marikiti, pamoja na magimbi, viazi vikuu na majani ya kila aina. Usidanganywe na pakiti za kuagiza zenye neno Paleo. Kilichomo humo mama wa sokoni anakupimia kwa kisado.

Kwa samaki, usikimbilie nguru na jodari wa bei. Mafuta ya omega-3 yanayotafutwa kwa wenye uvimbe wa viungo yamo kwa wingi kwenye vibua, samaki wadogo waitwao simu, na dagaa, ambao ni wa bei ya chini. Changu na tafi ni watamu lakini hawana mafuta mengi. Kumbuka na msimu: kusi likivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari huchafuka, ngalawa hazitoki sana, na samaki hupanda bei. Anayetaka kuanza njia inayotegemea samaki atapata wepesi kaskazi. Ng'onda ni akiba nzuri, ila chumvi yake ni nyingi; mwenye shinikizo la damu, mwenye figo, na anayemeza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, amle kwa tahadhari.

Mediterania ya Pwani ndiyo rahisi kuliko zote ikiwa utakubali kununua zeituni kidogo kidogo ya kumwagia juu ya kachumbari, na kupikia mafuta mengine.

Sinia moja

Hiki ndicho kigezo ambacho orodha za kigeni hazikijui, na kwa maoni yangu ndicho kinachovunja milo mingi. Mtu wa peke yake Bamburi anaweza kufanya AIP bila kumuudhi mtu. Mama wa Majengo anayepikia watu wanane hawezi kuweka sufuria mbili kila siku, na akiweka, ya kwake ndiyo itakayosahaulika. Bibi atauliza: "Mwanangu, hata mbaazi?" Na swali hilo litarudi kila Ijumaa.

Mediterania haihitaji sufuria ya pili. Paleo huwezekana kwa nusu: pika mchuzi na mboga za wote, wenzako wale na wali, wewe ule na magimbi. AIP inagusa mchuzi wenyewe, kwa hiyo ama nyumba nzima ikubali kukosa nyanya na bizari kwa muda, ama upike mbali.

Angalia kalenda. Usianze AIP karibu na Ramadhani, ambapo futari imejaa sambusa, kaimati na tambi, na mwili tayari unajaribiwa kwa njaa na kwa kubadili saa za dawa. Usianze msimu wa harusi. Na ukialikwa, sema mapema huli nini badala ya kukaa mbele ya biriani la watu ukachokonoa.

Dawa na usalama

Hakuna kati ya njia hizi iliyoonyeshwa kuchukua nafasi ya dawa. Kwenye baridi yabisi viungo vinaweza kuendelea kuharibika kimyakimya hata maumivu yakiwa yamepungua, na kwenye lupasi figo zinaweza kuumia bila kukwambia. Kwa hiyo nafuu ya chakula ipelekwe kliniki ikapimwe. Baadhi ya miongozo ya AIP inasema uache hata dawa za maumivu kama ibuprofeni. Hilo ni la daktari, si la orodha ya chakula.

Paleo na AIP zinaondoa maziwa, na anayetumia prednisoloni tayari mifupa yake iko hatarini. Dagaa na simu wanaoliwa na miba yao ni chanzo kizuri cha kalisi, na majani ya mronge yanasaidia. Vitamini D iulizwe, kwa sababu jua la Mombasa halimsaidii sana aliyejifunika, wala mwenye lupasi aliyeambiwa alikwepe. Chumvi ya dukani imetiwa ayodini. Ukihamia chumvi ya mawe isiyotiwa kitu na huku umeacha maziwa na mayai, tezi ndiyo itakayoona.

Figo zikiwa zimeguswa, mambo yanageuka. Ndizi, magimbi, viazi vitamu na madafu, yaani nguzo zenyewe za Paleo ya Pwani, zina potasiamu nyingi, na protini nyingi nayo inaweza kuwa mzigo. Hapo usibadilishe chochote kabla ya vipimo. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiruke ghafla kutoka mboga kidogo hadi bakuli la mchicha kila siku, maana vitamini K hupunguza nguvu ya dawa. Kiwango kiwe kilekile siku zote. Mwenye kisukari aina ya kwanza akikata wanga bila kupunguziwa insulini, sukari itashuka na kumwangusha, pengine usingizini. Kidonge cha tezi kimezwe tumbo tupu, nusu saa hadi saa kabla ya chakula na mbali na kahawa, kwa njia yoyote utakayoichagua. Mwenye Crohn aliyebanwa utumbo asivamie mboga mbichi na nyuzinyuzi, maana zinaweza kuuziba.

Kwa hatari, Mediterania ndiyo nyepesi na AIP ndiyo nzito, kwa sababu inaondoa vingi kwa pamoja. Hospitali za rufaa huwa na wataalamu wa lishe. Omba kuonana na mmoja, uende na orodha ya dawa zako zote, pamoja na zile za mitishamba ambazo hukumwambia daktari.

Kwa hali yako

*Baridi yabisi, na ndiyo kwanza unaanza dawa.* Mediterania ya Pwani, ukiweka vibua au simu mara mbili tatu kwa wiki. Subiri dawa ishike kabla ya kujaribu AIP, la sivyo hutajua ni dawa au ni nyanya iliyokupa nafuu.

*Crohn au koliti, dawa unameza na tumbo halitulii.* AIP ina sababu ya kujaribiwa hapa kuliko kwingine, kwa idhini ya daktari wa tumbo na baada ya kuhakikishiwa utumbo haujabana. Weka tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza kabla hujaondoa yai la kwanza.

*Hashimoto, vipimo vizuri lakini uchovu hauishi.* Hakikisha kwanza si upungufu wa damu. Kisha ama Paleo, ama AIP ya muda mfupi, kwa matumaini ya kujisikia vizuri na si ya kubadili vipimo. Chumvi yenye ayodini ibaki.

*Lupasi.* Figo zikiwa salama, Mediterania. Figo zikiwa zimeguswa, mlo wa figo utakaopangiwa ndio unaotangulia njia zote tatu.

*Soriasisi na uzito umezidi.* Kupunguza uzito ndiko kwenye ushahidi mzuri. Chagua kati ya Paleo na Mediterania ile utakayoiweza mwakani pia. Mtu anayeona ni rahisi kuacha chapati kabisa kuliko kula nusu ataiweza Paleo. Anayeteseka akikatazwa ataiweza Mediterania.

*Skilerosisi ya neva.* Yoyote kati ya Paleo na Mediterania, kwa mapenzi yako na mfuko wako. Kigezo cha sinia moja kiwe na sauti kubwa, maana siku za uchovu ni wengine watakaopika.

*Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, aliyekonda, au aliyewahi kuwa na ugomvi na chakula.* Usiguse AIP bila mtaalamu. Kwa wengi wa hawa, kupunguza soda, vya kukaanga na vya pakiti kunatosha kuanzia.

*Kipato kidogo, watu wengi nyumbani.* Sahani ya shangazi: pojo, kunde, mbaazi, mchicha, dagaa, matunda ya msimu, sima ya unga usiokobolewa. Ni ya Mediterania kwa kanuni na ya Kisauni kwa ladha.

*Uko kwenye AIP mwezi wa tano na unaogopa kurudisha chochote.* Anza na vile ambavyo mara nyingi havileti shida na vitakavyokufungulia vyakula vingi: kiini cha yai, samli, bizari na hiliki. Kula kidogo asubuhi, ongeza mchana, kisha acha chakula hicho kwa siku tano hadi saba huku ukiandika. Yakipita salama, fuata na korosho, kisha ute wa yai, kisha mbaazi zilizochemshwa vizuri. Nyanya na pilipili ziache mpaka karibu na mwisho, na usijaribu viwili wiki moja hata kama kuna harusi.